Azma Iliyofutwa

Kazi za Alhamisi jioni bibi alizichagua makusudi: mashuka, mapazia, vitu vya mshono mrefu wa kunyooka. Mshono wa kunyooka haudai akili. Unakanyaga tu, kitambaa kinajipeleka, masikio yanabaki huru. Na Alhamisi masikio yake yalikuwa mali ya mjukuu wake, maana ndiyo siku ambayo watengenezaji wa mchezo fulani wa kompyuta walitoa barua yao ya kila wiki mtandaoni.

Mjukuu mwenyewe mtaa mzima walimwita Kidoti, kwa ile alama nyeusi iliyomkaa shavuni kama nukta ya kalamu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, binti wa huyu bibi, alifariki yeye akiwa na miaka minne, na tangu hapo wawili hawa walikuwa wakiishi peke yao katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe robo tatu yake ilikuwa imemezwa na cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa. Mchana Kidoti alitengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha fundi mmoja kando ya barabara. Jioni alicheza michezo kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kutoka kwa mashine tatu zilizokufa. Ilikuwa ikiunguruma kama paka aliyeshiba, lakini ilifanya kazi.

Mchezo walioungoja ulikuwa wa enzi za wafalme wa ngome na farasi. Unapewa ukoo, unauongoza, mzee akifa mwanawe anashika, hivyo hivyo vizazi kwa vizazi. Ule wa zamani Kidoti aliucheza mpaka akauchoka, kwa sababu watu wake walikuwa kama kete: unamsukuma kapteni, anakwenda, unamwoza binti mfalme, anaolewa, hanuni wala hacheki. Huu mpya ungetoka baada ya wiki sita, na watengenezaji waliapa kwamba safari hii watu watakuwa na mioyo.

“Haya, soma,” bibi alisema Alhamisi ile, mguu kwenye kanyagio. “Wiki iliyopita walituacha kwa yule waziri mwenye wivu.”

Kidoti alijikunja kwenye kiti, simu mkononi, akawa anasoma na kufasiri papo hapo. “Wanasema kila mhusika atakuwa na azma mbili, Bibi. Ya wazi na ya siri. Ya wazi wote wanaiona. Kwa mfano, mdogo wake mfalme anasema anataka kulinda mpaka wa kaskazini.”

“Kumbe anataka kiti.”

“Bibi! Umejuaje?”

“Mtu gani mwenye akili anataka kwenda kukaa mpakani kwenye baridi? Endelea.”

“Basi wale wenye azma za siri zinazolingana wanaweza kula njama pamoja. Na siri inaweza kuvuja. Ukijua siri ya mtu unapata ndoano juu yake. Ndivyo wanavyoiita. Ukiwa na ndoano, unamvuta unakotaka. Hata kama ni mfalme, atakufuata mdogo mdogo.”

Bibi alifika mwisho wa pindo, akainua mguu wa cherehani, akakata uzi kwa meno. “Na ukiwa nayo, halafu ukataka kumwachia?”

“Hawajaandika hilo.” Kidoti alicheka. “Nani aiachie ndoano, Bibi? Kuipata kwenyewe kunachukua miaka mitano ya mchezo.”

“Na mfua nguo wa kasri? Naye ana azma?”

“Ni wakuu tu. Wafalme, mawaziri, makapteni, wake zao.”

“Basi hao watengenezaji wako hawajawahi kuingia nyumba kubwa. Mfua nguo ndiye anayejua nani kalala wapi. Mshonaji ndiye anayejua nani mjamzito kabla ya mumewe. Waandikie uwaambie.”

“Nitawaandikia nisemeje? Bibi yangu kasema?”

“Eeh. Useme fundi kasema.”

Ndivyo walivyoanza zile kadi. Kungoja wiki sita ni kazi, na Kidoti hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichukua karatasi za kaki, zile ambazo bibi hukatia vipimo, akakata vipande sawasawa, na juu ya kila kipande akaandika mtu mmoja kwa herufi kubwa, kwa sababu jicho la kushoto la bibi lilikuwa limeingiwa na ukungu na la kulia lilikuwa likifanya kazi ya mawili. Jina la cheo juu. Chini yake azma ya wazi. Chini kabisa azma ya siri. Baada ya wiki tatu walikuwa na kasri zima ndani ya sanduku la biskuti: Mfalme Mnene, Mdogo Wake, Waziri Mwenye Wivu, Mpishi, Mfua Nguo (bibi alishinda hapo), Kapteni wa Zamu, na Malkia Mjane. Malkia Mjane alikuwa bibi. Azma yake ya wazi, kufuma. Azma ya siri, kuwazika wote.

Walikuwa wakicheza hivi: kila mmoja anachukua watu wake, anakisia wa mwenzake wanapanga nini, na asiyekisia anapika. Bibi alikuwa hapiki siku nyingi.

Ijumaa mchana, Kidoti akiwa kibandani, bibi alimaliza kazi ya mteja mapema. Nyumba ilikuwa kimya, jua limelala juu ya meza ya kukatia. Akavuta sanduku, akatoa kadi moja moja akizisogeza karibu na jicho zuri. Chini kabisa akakuta kadi asiyoijua.

BINTI WA KASRI. Azma ya wazi: kumtunza Malkia Mjane.

Azma ya siri ilikuwa imefutwa. Na haikufutwa mara moja. Karatasi ilikuwa imekwaruzwa mpaka ikawa laini kama shavu la pichi. Bibi alipitisha kidole. Vidole vyake vilikuwa vimeishi na vitambaa miaka hamsini, vilijua hariri gizani, na hapo vikahisi mistari. Kidoti alikuwa mtu wa kukandamiza kalamu ya risasi.

“Ahaa,” bibi akajisemea. “Kibinti unanipikia njama.”

Lazima isemwe kwamba aliifanya kwa mchezo. Alidhani amenasa hila ya mchezo ujao, akajiona tayari amekaa kitini huku mwenzake akimenya viazi. Alijua la kufanya. Mteja akileta gauni analolipenda na hataki lifumuliwe, bibi hutandika karatasi juu ya mshono na kupitisha chaki kwa ubapa, taratibu, na mshono unajichora wenyewe. Basi akachukua chaki nyeupe ya fundi, akailaza juu ya ile karatasi ya kaki, akapitisha. Weupe ukashika juu, mistari iliyozama ikabaki kahawia. Herufi zikatoka moja moja, kama watu wanaotokeza mlangoni.

KWENDA CHUO. JIBU MWISHO JUMATATU. MALKIA ASIJUE.

Alisoma mara ya pili, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa darasa la tatu. Kisha akaweka chaki chini.

Chuo alikijua. Kilikuwa katika mji mwingine, safari ya siku nzima, na kilifundisha ufundi wa mashine za hospitali, zile za kupimia moyo na za kuwapumulisha watoto wachanga. Kidoti alikuwa ameomba mwaka uliopita. Kila alipoulizwa alijibu, “Hawajajibu, Bibi,” huku akitazama kando. Bibi akadhani anaona aibu ya kukataliwa, akaacha kuuliza.

Na kwa nini Malkia asijue, hilo halikuhitaji chaki. Miezi miwili nyuma bibi alijishona kidole. Sindano iliingia ukuchani na kutokea upande wa pili, kwa sababu ya lile jicho. Mwanawe wa kiume, mjomba wake Kidoti, msimamizi wa stoo katika kiwanda cha unga, alikuja mbio na vumbi jeupe bado kwenye nyusi. Alisema mbele yao wote wawili, bila kupandisha sauti: “Mama, Kidoti akiwepo, sawa, kaa. Siku Kidoti akiondoka, unahamia kwangu. Na cherehani tunampa mtu. Sikuzungushi.”

Alikuwa mwana mwema na nyumba yake ilikuwa nzuri. Lakini ilikuwa nyumba ambayo bibi angepewa kiti karibu na dirisha na kuulizwa kila saa kama anataka chai.

Kwa hiyo mtoto alikuwa anaizika barua yake ili bibi abaki na cherehani.

Kidoti aliporudi jioni alikuta kadi zote sandukuni na bibi anamenya viazi.

“Leo nani kakufunga, Bibi? Mbona hata hatujacheza?”

“Nimejifunga mwenyewe,” bibi akasema, na ilikuwa kweli.

Kwa sababu tangu mchana alikuwa na ndoano mkononi, na ndoano ile ilikuwa tamu. Hakutakiwa kumvuta mtu. Alitakiwa kukaa kimya tu. Ijumaa ipite, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu jioni, basi, mlango wa chuo unajifunga wenyewe na hakuna atakayemlaumu. Cherehani ingebaki. Kidoti angebaki, na kompyuta yake inayounguruma, na nywele zake kwenye kitana cha bibi, na ile tabia yake ya kutosema “hodi” kila anapoingia. Mwaka kesho angeweza kuomba tena, si bado mdogo? Bibi alimenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika. Kidoti alisema, “Tunalisha jeshi?” wakacheka.

Jumamosi asubuhi alikuja mwanamke wa kupiga vifungo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi, na kila Jumamosi alikuja kumsaidia bibi matundu ya vifungo na mapindo ya mkono. Alikaa penye mwanga, akavuta shati, akaanza papo hapo kumlalamikia mchomelea vyuma aliyepakana naye ukuta.

“Shoga yangu, jana kaanza alfajiri. Tii! Tii! Meno yananicheza. Nikimwambia ananijibu, ‘Mama, chuma hakina saa.’ Nitampa chuma mimi.”

Bibi alikuwa anamsikiliza nusu nusu. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa Kidoti, ulioachwa wazi. Kitanda kimetandikwa. Ukutani, Kidoti alikuwa amebandika mchoro wa ndani wa mashine fulani alioutoa kwenye gazeti, waya kwa waya, na pembeni ameandika maswali yake mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Bibi aliuona mchoro ule kila siku aliyofagia humo. Leo ndipo alipohesabu maswali. Kumi na manne. Mtoto alikuwa anauliza ukuta, kwa sababu nyumbani hakuna wa kumjibu.

Roho ikamkaa sawa ghafla, kama uzi unapoingia tundu la sindano baada ya kukataa mara nne.

“Mwenzangu,” akasema. “Hivi wewe unakoroma?”

Yule mwanamke akasimamisha sindano. “Swali gani hilo asubuhi asubuhi?”

“Nijibu.”

“Wanasema nakoroma. Mimi sijawahi kujisikia.”

“Mimi sikio moja si zima sana. Njoo ukae hapa. Chumba cha Kidoti kitakuwa wazi.”

“Anaolewa?”

“Anakwenda kusoma. Bado mwenyewe hajajua.”

Mpiga vifungo akacheka mpaka shati likamwanguka. “Na wewe hilo jicho? Nije nikae na mtu anayejishona?”

“Utanishika mkono. Na mchana utaninunia. Si unapenda kununa?”

“Napenda,” akakiri. “Lakini jikoni kwako kuna ile sufuria isiyo na mpini, mimi siigusi.”

“Tutaitupa.”

Ilibaki sehemu iliyokuwa ngumu. Jumapili mjomba alikuwa na desturi ya kufika saa saba. Saa tano bibi alimwita Kidoti mezani, akatoa ile kadi, akaiweka katikati yao. Chaki ilikuwa bado juu yake.

Kidoti aliitazama. Kidoti cha shavuni kikaonekana cheusi zaidi, kwa jinsi uso ulivyopauka.

“Umeisoma.”

“Nilidhani ni ya mchezo. Nikakufanyia ujasusi.”

“Ilikuwa yangu, Bibi.” Sauti ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na hasira ndani yake. “Niliifuta.”

“Uliifuta. Na mimi nikaifukua. Nimekosa, nisamehe.” Bibi akaisogeza kadi upande wa Kidoti. “Tena kuna kosa kubwa kuliko hilo. Tangu juzi najua, na nimekaa kimya. Nilikuwa nataka Jumatatu ipite.”

Kidoti aliinua macho.

“Usinitazame hivyo, mke mwenzangu. Nilitaka. Unadhani Malkia Mjane anataka kuwazika wote? Ule ulikuwa utani. Anataka mtu wa kumsomea Alhamisi. Nimekaa na hilo Ijumaa yote na nusu ya Jumamosi, likanishinda.”

“Lakini mjomba atakuhamisha. Alisema.”

“Mjomba wako ni wangu. Niachie mimi. Wewe nijibu moja tu, na usinijibu ya wazi. Unataka nini?”

Kidoti alianza kuzungumza habari za umbali, za sare, za bwana wa kibandani atakayekosa msaidizi. Bibi alimngoja. Alikuwa amengoja watu wengi kusema ukweli wa kiuno chao mbele ya kioo. Alijua haifai kuwakimbiza.

“Nataka kwenda,” Kidoti akasema mwishowe, akaanza kulia kwa kwikwi, kama alivyolia alipokuwa wa miaka minne. Bibi alizunguka meza, akamkumbatia kichwa, akaacha blauzi yake ilowe.

“Haya. Basi hilo ukamwambie mjomba wako kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea.”

Mjomba alifika saa saba kasoro, na mfuko wa unga mabegani kama kawaida. Alipokuta wanawake watatu wamekaa mezani, Mpiga Vifungo naye amevaa nguo ya kutokea, alisimama mlangoni.

“Kuna nini? Nani kafa?”

“Hakuna aliyekufa. Kaa, mwanangu. Kidoti ana neno.”

Kidoti alisema. Mara ya kwanza alisema akitazama viatu vyake. Bibi akamgonga goti chini ya meza, naye Kidoti akasema tena, safari hii akimtazama mjomba: chuo kimemkubali, miaka miwili, jibu ni kesho, na anataka kwenda. Mjomba alisikiliza akifuta unga kwenye kucha.

“Vizuri,” akasema. “Vizuri sana. Mbona ulikuwa unaficha jambo la heri? Basi Mama unakuja kwangu.”

“Siji,” bibi akasema.

“Mama, tulikubaliana.”

“Ulisema, nami nikanyamaza. Hayo si makubaliano. Ulisema nisikae peke yangu, nami nimekusikia. Sitakaa peke yangu.” Akanyoosha mkono kuelekea kwa mwenzake, kama mtu anayeonyesha kitambaa kwa mteja. “Anahamia mwisho wa mwezi.”

“Nakoroma,” Mpiga Vifungo akamjulisha mjomba.

Mjomba alitazama mmoja, akatazama mwingine. “Mpango huu mmeupika lini?”

“Jana. Kwenye vifungo.”

Alitaka kucheka akajizuia, maana alikuwa bado ni mwana mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. “Na jicho, Mama? Huyu mama atakushikia sindano? Kile kidole nilikiona mimi. Nimekiota.”

Hapo ndipo ilipokuwa bei, na bibi aliijua tangu Jumamosi. Mwaka mzima alikuwa akimkwepa daktari wa macho. Mara mvua, mara kazi za watu, mara ukungu umepungua wenyewe. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa anaogopa. Kisu, jichoni, naye yuko macho.

“Nipeleke,” akasema. “Wiki hii hii, kabla sijageuka. Lakini uingie na mimi mpaka ndani, unishike mkono. Naogopa.”

Mjomba hakuwahi kulisikia neno lile kutoka kwa mama yake tangu azaliwe. Alivuta kiti karibu, akakaa, akachukua mkono wa bibi, ule wenye kidole kilichoshonwa, akauweka katikati ya mikono yake yenye unga.

“Nitaingia,” akasema. “Na cherehani ibaki. Tuone miezi sita.”

“Mwaka.”

“Mama!”

“Haya, miezi sita. Tutaongea.”

Kidoti alicheka huku bado kamasi zinamtoka, na Mpiga Vifungo akasema kama mambo yamekwisha, yeye ana njaa.

Jumatatu asubuhi Kidoti alisimama kwenye ngazi ya mlango, mahali ambapo simu inashika vizuri. Alikuwa amevaa nguo ya kazini, lakini amejichana nywele kama anayekwenda kupigwa picha. Ndani, bibi alikuwa katikati ya pazia la mteja, mshono unakimbia. Akasikia mtoto anasema, “Halo? Ni ofisi ya udahili?” na sauti ya upande wa pili ikawa ndogo kama ya mdudu.

“Nilitumiwa barua,” Kidoti akasema. “Ndiyo. Samahani? Sisikii vizuri, kuna kelele.”

Bibi aliinua mguu kwenye kanyagio. Gurudumu likaendelea kuzunguka kwa nguvu zake lenyewe, likilia, akalizuia kwa kiganja mpaka likatulia kabisa. Akabaki hivyo, mkono juu ya chuma, asisogee hata kidogo, mtoto wake asikie na asikike.